MAP Growth kwa darasa la sita hadi la nane: kipimo makini, ripoti inayosomwa vibaya

Katika mitihani sanifu inayouzwa kwa shule za kati, yaani darasa la sita, la saba na la nane kwa mpangilio wa Marekani, MAP Growth ni kati ya ile ambayo wazazi hukutana nayo sana na kuelezwa kidogo. Mtoto anarudi na karatasi imeandikwa 219, pembeni 47, na chini yake sentensi fupi kuhusu ukuaji. Mzazi anaisoma ile 47 kama maksi 47 kwa 100, na jioni hiyo nyumba haikaliki. Kumbe 47 ni pasentaili: mtoto amewapita au kulingana na wenzake 47 katika kila 100 wa darasa lake. Yuko katikati kabisa ya kundi. Hakufeli chochote, kwa sababu mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli.

Mwenye bidhaa ni NWEA, shirika lililoanzishwa Oregon mwaka 1977, ambalo tangu 2023 liko chini ya kampuni ya HMH. Shule hununua haki ya kutumia mtihani, huwapima wanafunzi mara mbili au tatu kwa mwaka katika hisabati, kusoma, matumizi ya lugha na, wakipenda, sayansi. Shule nyingi za kimataifa nje ya Marekani zinautumia pia. Hukumu yetu kwa ufupi: mtihani wenyewe umetengenezwa vizuri kuliko ripoti zake, na ripoti zake ni nzuri kuliko zinavyotumika ofisini kwa mwalimu mkuu.

Tuanze na mtihani. Mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta na kupewa swali lililo karibu na kiwango anachokadiriwa kuwa nacho. Akipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Akikosa, linashuka. Baada ya maswali 40 na ushei mfumo unakuwa umemkuta alipo, na karibu na mwisho kila swali linalomjia ni lile ambalo ana nusu kwa nusu ya kulipata. Ndiyo maana wanafunzi wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza wote kupata maswali 21 sahihi, mmoja akatoka na 195 na mwingine 240. Idadi ya majibu sahihi haisemi kitu, kinachohesabiwa ni ugumu wa maswali aliyofikishwa.

Namba inayotoka huitwa alama ya RIT, na msingi wake ni hesabu za Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark. Kipimo kimepangwa hivi: swali likiwa na ugumu sawa na alama ya mwanafunzi, uwezekano wa kulipata ni 50 kwa 100. Swali lililo chini yake kwa alama 10 atalipata mara 73 kwa 100, na la chini kwa alama 20 mara 88. Geuza upande wa pili: swali lililo juu yake kwa alama 10 atalipata mara 27 tu. Mwalimu akishika hesabu hii moja, RIT inaacha kuwa namba ya kuogofya. Inamwambia ni kazi ya ugumu gani itamnyoosha mtoto bila kumvunja moyo.

Kuna tatizo la kisaikolojia ambalo shule hulidharau. Mwanafunzi aliyezoea kupata 90 kwenye mitihani ya darasani anajikuta anakosa nusu ya maswali, na kadiri anavyofanya vizuri ndivyo yanavyozidi kuwa magumu. Asipoambiwa mapema, katikati ya mtihani anakata tamaa na kuanza kubofya ovyo, na hao wanaovunjika moyo mara nyingi ndio walio bora. Dakika 5 za maelezo siku moja kabla zinatosha: utakosa nusu, ndivyo ulivyoundwa, huwezi kuruka swali, huwezi kurudi nyuma, na hakuna kikomo cha muda.

Hilo la kutoruka na kutorudi linataka msisitizo. Watoto waliofundishwa kumaliza mepesi kwanza na kurudia magumu baadaye watakwama hapa. Kikokotoo nacho hutokea kwenye skrini kwa baadhi tu ya maswali ya hisabati, na cha mkononi hakiruhusiwi. NWEA wana mtihani wa mazoezi wa bure ambao jina la kuingilia na neno la siri vyote ni grow. Mpe mtoto robo saa hapo azoee kuburuta majibu na kutumia kikokotoo cha kwenye skrini, basi. Kukaririsha maswali usiku kucha ni kupoteza usingizi, kwa maana hazina ya maswali ni kubwa na kila mtoto anapata mfululizo wake.

Somo moja huchukua kama saa moja, likapungua au kuzidi. Na hapa chumbani ndipo alama nyingi zinapoharibika, kwa sababu ambazo hazihusiani na akili ya mtoto wala ufundishaji. Shule inapanga hisabati kipindi cha mwisho cha siku wakati muhula uliotangulia ilikuwa asubuhi. Intaneti inakatika, wanafunzi wanarudishwa kesho yake wakiwa wamechoka na jambo lenyewe. Msimamizi amechagua toleo la darasa la pili hadi la tano badala ya lile la darasa la sita na kuendelea. Kuhama toleo kwenyewe, hata kukifanyika kwa usahihi, kunaweza kuyumbisha alama, hasa za hisabati, kwani maudhui yanabadilika. Kwa hiyo ukiona mtoto amemaliza darasa la tano na alama fulani kisha akaanza la sita chini yake, usikimbilie kulaumu likizo.

Sifa tunayoipa MAP Growth bila kusita ni namna inavyoshughulikia kubahatisha. Mfumo unapima muda wa kila jibu. Mtoto akijibu haraka kuliko inavyowezekana kusoma swali, jibu linawekewa alama ya kubahatisha, na akirudia sana, skrini yake inasimama yenyewe na msimamizi anapata taarifa kwenye kompyuta yake. Cha kufanya hapo ni kumwendea taratibu, kumwambia asome swali lote, kisha kumruhusu aendelee. Kumfokea mbele ya wenzake kunamaliza kilichobaki. Iwapo kubahatisha kumefika asilimia 30 ya maswali, alama haihesabiki na mtihani urudiwe.

Tatizo ni wale walio chini ya hapo. Mtoto aliyebahatisha asilimia 18 alama yake inapita, inachapishwa, na inaingia kwenye wastani wa darasa kama ya mwenzake aliyesoma kila mstari. Ripoti ya darasa ina safu mbili kuhusu hili: asilimia ya maswali yaliyobahatishwa, na makadirio ya jinsi kubahatisha huko kulivyoivuta alama. Ziko mbali na macho, na ripoti ya familia inayokwenda nyumbani haizipi nafasi inayostahili. Kasoro hiyo ni ya mtengenezaji, na ni kubwa. Ukiwa mwalimu, panga orodha yako kwa safu hiyo kabla hujatazama alama hata moja, kisha tazama na muda aliotumia. Dakika 14 kwenye mtihani ambao wenzake wametumia 50 zinajieleza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila ripoti kama ingekuwa amri yetu. Kila alama ya RIT ina kosa la kipimo la takriban alama 3 juu na chini. Ripoti yenyewe inakiri: inaandika mfano 216-219-222, namba ya katikati ikiwa ndiyo alama na zile za pembeni zikiwa mipaka. Mtoto yule yule akipimwa tena kesho yake bila kujifunza chochote, anaweza kutoka na 217 au 222, na hakuna cha ajabu. Kwenye pasentaili mtikisiko huo ni mkubwa zaidi kwa macho: katikati ya kundi, alama 3 ni sawa na nafasi 7 hivi. Mtoto wa pasentaili 50 ni mtoto wa kati ya 43 na 57. Kuwapanga watoto kutoka wa kwanza hadi wa thelathini kwa namba hizi ni kujichosha.

Kwenye ukuaji ndiko mambo yanakopata uzito, kwa sababu bidhaa yenyewe inaitwa kwa jina hilo. Ukuaji ni alama ya pili kutoa ya kwanza, na kila moja ina kosa lake. Makosa mawili ya alama 3 yakikutana yanazaa kosa la zaidi kidogo ya alama 4. Iweke namba hiyo kando ya ukuaji unaotarajiwa. Kwa viwango vya 2020, yaani jedwali la wastani ambalo NWEA hulinganishia wanafunzi, wastani wa hisabati darasa la saba ni kama 220.2 mwanzo wa mwaka na 226.7 mwishoni, ongezeko la alama 6 na nusu. Kusoma, darasa la nane, ni 218.0 mwanzo na 221.7 mwishoni, ongezeko lisilofika hata alama 4.

Unaona kilichotokea. Katika kusoma kwa darasa la nane, kosa la kipimo linazidi kitu kinachopimwa. Ukiwachukua wanafunzi ambao kwa hakika wamekua kwa kiasi kile kile kinachotarajiwa, takriban mmoja katika kila watano ataonekana kwenye karatasi amerudi nyuma. Hisabati ya darasa la saba ina nafuu, huko ni kama 6 katika kila 100. Kwa hiyo mwalimu wa kusoma anayeitwa kujieleza kwa nini mtoto fulani ameshuka alama 2 tangu mwanzo wa mwaka ana jibu la kihesabu kabla hajatafuta la kifundishaji.

Je, kipimo basi hakifai? Kinafaa, ila kwa matumizi mawili ambayo shule huyakimbia kwa haraka zake. La kwanza ni wastani wa darasa. Wanafunzi 25 wakijumlishwa, kosa la ukuaji linashuka chini ya alama 1, na hapo tofauti ya alama 3 kati ya madarasa mawili ni habari. La pili ni muda mrefu. Kutoka mwanzo wa darasa la sita, wastani wa 210.2, hadi mwisho wa la nane, kusoma kunapanda kama alama 11 na nusu. Mtoto ambaye katika miaka hiyo mitatu amepanda 4 tu ana tatizo la kweli, na MAP Growth itakuonyesha waziwazi. Mzazi aweke karatasi zote kwenye faili moja tangu ya kwanza, asitupe, maana mstari wa vipimo vitano au sita unasema kisichoweza kusemwa na kipimo kimoja.

Kuna na suala la lengo la ukuaji, lile ambalo ripoti inasema mtoto amelifikia au hakulifikia. Wengi hudhani ni kiwango kilichowekwa na wataalamu. Ni wastani wa ukuaji wa wanafunzi wengine wa darasa lile walioanza na alama kama yake. Kwa kuwa ni wastani, karibu nusu ya wanafunzi watalifikia na karibu nusu watalikosa, ndivyo hesabu ilivyo. Mwalimu mkuu anayeandika kwenye mpango wa mwaka kwamba asilimia 90 wafikie lengo ameandika kitu ambacho hata shule nzuri sana haikipati kwa njia ya halali. Asilimia 55 au 60 kwa shule nzima ni mwaka mzuri. Badala ya ndiyo na hapana, tazama safu iliyoandikwa CGI: sifuri ni ukuaji wa kawaida, chanya ni zaidi ya wenzake, hasi ni pungufu, na kwa mtoto mmoja namba ndogo kama 0.1 au -0.1 ichukuliwe kuwa sifuri.

Wanaoendesha mfumo shuleni wana kosa lao wanalolipenda, nalo ni wiki za masomo. Viwango vinamlinganisha mtoto na wenzake waliofundishwa kwa idadi sawa ya wiki, na mfumo ukiachwa jinsi ulivyokuja unachukulia wiki 4 kwa kipimo cha kwanza, 20 cha pili na 32 cha tatu. Shule ikipima wiki ya 10 na kuacha mpangilio kwenye 4, watoto wake wanalinganishwa na waliofundishwa wiki 6 pungufu, na pasentaili zote zinavimba. Katika hisabati ya darasa la saba uvimbe huo ni kama nafasi 3. Ni kidogo kwa mtoto, ila kwa shule inayojitangaza ni mwaka mzima wa sifa zisizostahili. Kwa shule ambazo mwaka wao unaanza Januari kosa hili ni rahisi zaidi kulifanya, kwani majina ya misimu kwenye mfumo yanafuata kalenda ya Marekani.

Na wenzake hao ni nani? Ni wanafunzi wa Marekani. Shule ya kimataifa inayosema watoto wake wako pasentaili 70 inasema wamewapita wanafunzi 70 katika kila 100 wa huko, haizungumzii jirani zao. Kumbuka pia kwamba viwango hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Vya 2025 vimechukua nafasi ya vya 2020, hivyo RIT ile ile inaweza kupewa pasentaili tofauti na ya zamani bila mtoto kubadilika. Ukilinganisha miaka, linganisha RIT.

Mgawanyo wa maeneo tuupite haraka. Hisabati ya toleo la darasa la sita na kuendelea ina maeneo manne: aljebra, mifumo ya namba, jiometria, na takwimu pamoja na uwezekano. Kila eneo linaangukiwa na maswali kama 10 tu, na kosa lake ni karibu mara mbili ya lile la alama nzima. Tofauti ya alama 5 kati ya jiometria na aljebra kwa mtoto mmoja si udhaifu wa jiometria, ni mtikisiko wa kipimo tu. Ikizidi 10 na ikajirudia kipimo kijacho, mpe kazi za eneo hilo uone. Kwa darasa zima mgawanyo huu una manufaa zaidi: kama takwimu ziko chini kwa wanafunzi 20 katika 25, huenda mada yenyewe haijafundishwa bado.

Matumizi ambayo hatuyapendekezi hata kidogo ni kumpanga mtoto kwenye mkondo wa juu au wa chini kwa kipimo kimoja. Shule ikikata kwenye pasentaili 85, wa 84 na wa 86 hawana tofauti yoyote inayopimika, na mmoja amefungiwa mlango. Tena, kundi linalochaguliwa kwa kuwa na alama za juu sana siku moja lina watu kadhaa waliobahatika siku hiyo. Katika kipimo kinachofuata, wastani wao utaelekea kushuka, na mwalimu aliyewapokea atabebeshwa lawama. Kinyume chake pia kipo: kundi la alama za chini kabisa likipewa programu yoyote ya masomo ya ziada litaonekana limepanda, hata programu ikiwa haina kitu. Anayekuuzia masomo ya ziada kwa ushahidi wa namna hiyo muulize kundi la kulinganishia liko wapi.

Wanaolinganisha na bidhaa nyingine watakutana na i-Ready ya Curriculum Associates, yenye kipimo cha 100 hadi 800 na masomo yake ya kompyuta yanayofuata baada ya matokeo. Wasio na mtu wa kugeuza matokeo kuwa mpango wa kufundisha wataona ni rahisi zaidi, ingawa wanajifunga kwenye masomo ya kampuni moja. Star ya Renaissance ni fupi, na inawafaa wanaotaka kupima mara nyingi bila kula vipindi. NAEP, tathmini ya kitaifa ya Marekani, ambayo kushuka kwake kutoka 282 mwaka 2019 hadi 274 mwaka 2022 katika hisabati ya darasa la nane kulitikisa Marekani, iko kundi jingine kabisa: hupima sampuli ya wanafunzi nchi nzima, na haimpi mtoto mmoja mmoja alama.

Shule inayofikiria kununua MAP Growth ijiulize kwanza kama ina mtu mwenye saa kadhaa kila baada ya kipimo za kukaa na walimu mbele ya ripoti. Ikiwa naye, inunue, na ipime mara mbili kwa mwaka. Kipimo cha katikati kwa darasa la saba na la nane mara nyingi hakilipii vipindi kinavyokula, kwa jinsi ukuaji wa nusu mwaka ulivyo mdogo kulinganisha na kosa. Kama haina, fedha hizo zina kazi nyingine.

Mzazi aliyeletewa ile karatasi ya 219 aombe shuleni vitu vinne: mipaka ya alama, asilimia ya kubahatisha, muda aliotumia mtoto, na alama zake zote za RIT tangu aanze kupimwa. Vyote vimo kwenye mfumo tayari, na kuvichapa hakumchukui mwalimu muda wa kunywa chai.